Watu Sita, Majina Tisa

Jumapili ya tarehe 25 Februari 1945, magazeti ya Marekani yalitoka na picha moja kubwa kwenye kurasa za mbele. Askari sita wanasimamisha bomba la chuma lenye bendera juu ya kilele cha mlima uliojaa vifusi. Katika mji mdogo wa Weslaco, kusini mwa Texas, Belle Block aliliinamia gazeti hilo akamtazama askari wa chini kabisa, upande wa kulia, aliyejikunja akikita shina la bomba ardhini. Uso wake hauonekani. Unaoonekana ni mgongo, kiuno, na miguu iliyotanuliwa kwa nguvu. Mama yule akasema: huyu ni Harlon, mwanangu. Jamaa zake walimwambia mtu hatambuliwi kwa mgongo, na gazeti lenyewe halikutaja jina la yeyote. Belle hakuyumba. Mtoto aliyembeba, akamwogesha na kumbadilisha nepi, hakuhitaji kuuona uso wake ili amjue.

Alikuwa sahihi. Hata hivyo serikali ya nchi yake ilichukua karibu miaka miwili kulikubali hilo, na zaidi ya miaka 70 ikapita kabla ya majina mengine mawili yasiyo sahihi kuondolewa katika picha hiyohiyo. Kazi hiyo ya Joe Rosenthal, mpigapicha wa shirika la habari la Associated Press, iliwekwa kwenye stempu mwaka huohuo wa 1945, ikapata tuzo ya Pulitzer na kugeuzwa sanamu kubwa ya shaba. Mamilioni ya watu waliitazama. Nafasi za watu ndani yake ni sita, lakini majina yaliyowahi kutangazwa rasmi kuwa ya watu hao ni tisa.

Iwo Jima ni kisiwa cha volkano chenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 21, umbali wa kilomita kama 1,200 kusini mwa Tokyo. Askari wa Marine wa Marekani walitua hapo tarehe 19 Februari 1945, na mapigano yakaendelea hadi 26 Machi. Wamarekani karibu 7,000 walikufa. Katika Wajapani wapatao 21,000 waliokilinda kisiwa, ni wachache mno waliotoka hai. Mlima Suribachi, wenye kimo cha mita 169, uko ncha ya kusini, na aliyeushika aliuona ufukwe mzima. Ndiyo maana bendera juu yake ilikuwa jambo kubwa kwa askari waliokuwa bado wamelala mchangani wakipigwa mizinga.

Bendera zilikuwa mbili, na hapo ndipo mkanganyiko ulipoanzia. Asubuhi ya tarehe 23 Februari, kikundi cha doria kilipanda na kusimamisha bendera ndogo, yenye sentimita 137 kwa 71. Louis Lowery, mpigapicha wa jarida la Marine, aliwapiga picha. Meli zilizokuwa baharini zilipuliza honi na askari chini wakashangilia. Luteni Kanali Chandler Johnson, kamanda wa batalioni, alitaka bendera hiyo ihifadhiwe kwa ajili ya askari wake, akaagiza iletwe nyingine. Ikapatikana melini bendera kubwa zaidi, karibu sentimita 244 kwa 142. Kijana Rene Gagnon, tarishi wa kikosi, alipewa aipeleke juu pamoja na betri za redio.

Rosenthal alipofika kileleni aliikuta bendera ya kwanza ikipepea na watu wakiifunga ya pili kwenye bomba la maji lililoachwa na Wajapani. Kwa kuwa alikuwa mfupi, alirundika mawe na mfuko wa mchanga apate pa kusimama. Kando yake alisimama Bill Genaust, askari aliyekuwa na kamera ya filamu ya rangi. Bomba lilianza kuinuka wakati Rosenthal hajajiweka sawa. Akageuka, akabonyeza kitufe, na mwanga ukaingia kwa muda wa sehemu moja ya mia nne ya sekunde. Hakuna aliyeandika majina. Katika saa ile, kwa askari waliokuwa pale, kubadilisha bendera ilikuwa kazi ndogo kati ya kazi nyingi za siku. Filamu ya Rosenthal ilipelekwa Guam, ikasafishwa, na picha ikarushwa Marekani kwa mawimbi ya redio. Genaust aliuawa kisiwani hapo tarehe 4 Machi. Filamu yake fupi ilibaki, nayo ndiyo iliyokuja kuwa shahidi mkuu wa kesi hii.

Filamu hiyo pia ilimwokoa Rosenthal na tuhuma iliyomfuata hadi uzeeni, kwamba aliwapanga wale askari kama waigizaji. Chanzo chake kilikuwa swali lisiloeleweka. Baada ya bendera kusimama, aliwakusanya askari chini yake wakapiga picha ya pamoja wakipunga bunduki na kofia. Siku kadhaa baadaye aliulizwa kama aliipanga picha, naye, akidhani anaulizwa habari ya ile ya pamoja, akasema ndiyo. Genaust alirekodi tendo zima bila kukata, na katika filamu yake hakuna anayepangwa.

Rais Franklin Roosevelt aliiona picha akataka watu wale watafutwe na warudishwe nyumbani. Serikali ilihitaji fedha, na raia walikuwa wakishawishiwa kuikopesha kwa kununua hatifungani za vita. Mashujaa sita wenye majina wangeuza hatifungani nyingi kuliko hotuba yoyote ya waziri. Gagnon ndiye wa kwanza kufikishwa Washington, mwanzoni mwa Aprili. Alikuwa na umri wa miaka 20. Aliwekewa mbele picha iliyokuzwa akaambiwa ataje. Akajitaja mwenyewe, kisha Michael Strank, Franklin Sousley, John Bradley na Henry Hansen. La sita alikataa kulitaja, kwa sababu mwenye jina hilo alikuwa amemwonya vikali asimtaje, mpaka alipoambiwa kwamba ni amri. Ndipo akamtaja Ira Hayes, Mhindi Mwekundu wa kabila la Pima kutoka Arizona.

Strank na Hansen walikuwa wameuawa siku moja, tarehe 1 Machi, siku ambayo Harlon Block naye aliuawa. Sousley alikufa tarehe 21 mwezi huohuo. Waliobaki ni Gagnon, Bradley aliyekuwa akitembea kwa magongo kwa majeraha, na Hayes. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na msemo huo haujapata mahali panapoufaa zaidi kuliko ofisi ile ya Washington: wenye uwezo wa kupinga jina la Hansen walikuwa makaburini au walikuwa bado vitani.

Isipokuwa mmoja. Hayes alipooneshwa picha, alisema papo hapo kwamba mtu wa chini si Hansen, ni Block. Kwa maelezo yake mwenyewe, ofisa mmoja alimjibu kwamba majina yamekwishatangazwa, wote wawili wamekufa, na anyamaze. Askari haondoki mbele ya ofisa kwa kubishana. Akapanda jukwaani pamoja na wenzake wawili, wakazungushwa mji baada ya mji. Lengo la kampeni lilikuwa dola bilioni 14. Zilikusanywa zaidi ya bilioni 26. Katika kila mkutano Hayes alisimama akisikia jina la mtu ambaye hakuwemo likisomwa mahali pa rafiki yake.

Hakuweza kuishi nalo. Mwaka 1946, bila gari na bila kumwambia mkubwa yeyote, alitoka kijijini kwao Arizona akaomba lifti barabarani mpaka Weslaco, safari ya kilomita zipatazo 2,000. Alimkuta baba yake Harlon shambani, akamweleza alichokiona, akageuka kurudi alikotoka. Belle Block akamwandikia mbunge wao. Uchunguzi ulifanyika, Hayes akatoa maelezo yake kwa maandishi, Bradley na Gagnon hawakupinga, na Januari 1947 Jeshi la Marine likatangaza kwamba askari wa chini ni Koplo Harlon Block. Hansen, ambaye naye alikuwa na mama aliyefiwa, akaondolewa katika picha ya pili. Katika bendera ya kwanza alikuwapo kweli.

Hapo jambo lingeweza kuchimbuliwa lote. Kama jina moja kati ya sita lilikosewa, na aliyeyataja sita yote ni mtu yuleyule mmoja, mantiki ilidai matano yaliyobaki yakaguliwe upya. Halikukaguliwa hata moja. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hilo ndilo kosa kubwa kuliko la mwaka 1945, kwa sababu la kwanza lilifanywa vitani, kwa haraka, na kijana aliyekuwa akishinikizwa. La 1947 lilifanywa wakati wa amani, na watu wenye nafasi, filamu na mashahidi hai.

Badala ya kukaguliwa, majina yaligeuka shaba. Mchongaji Felix de Weldon aliwaita Gagnon, Bradley na Hayes wakae mbele yake ili achonge nyuso zao. Sanamu yake ilizinduliwa Arlington, karibu na Washington, tarehe 10 Novemba 1954. Leo inajulikana kwamba wawili kati ya watatu waliokaa mbele ya mchongaji hawamo katika picha aliyokuwa akiichonga. Hayes, wa tatu, alihudhuria uzinduzi, na wiki chache baadaye, Januari 1955, akafa akiwa na umri wa miaka 32, baada ya miaka mingi ya ulevi.

Miaka ikapita. Bradley alirudi Wisconsin, akafungua biashara ya mazishi, akakataa mahojiano. Waandishi walipopiga simu, watoto waliagizwa waseme baba amekwenda kuvua samaki Canada. Alikufa mwaka 1994. Mwaka 2000 mwanawe James alichapisha kitabu juu ya wale sita, kikauzwa sana, na mwaka 2006 Clint Eastwood akakifanyia filamu. Familia nzima ilijijua kuwa ni familia ya mtu wa picha ile.

Waliolifungua fundo hawakuwa majenerali wala maprofesa. Walikuwa wapenzi wawili wa historia, mmoja wa Omaha nchini Marekani, mwingine wa Ireland, ambao hawakuwahi kufika Iwo Jima vitani wala kulipwa na yeyote. Walikusanya kila picha na kila kipande cha filamu kilichopigwa Suribachi siku ile, wakatazama nguo badala ya nyuso. Gazeti la Omaha likachapisha matokeo yao Novemba 2014.

Hoja zao mtu yeyote anaweza kuzifuata. Katika picha nyingine za siku ile Bradley anatambulika wazi, na suruali yake imekunjwa pindoni. Mtu aliyeitwa Bradley katika picha maarufu hajakunja suruali. Bradley alikuwa tabibu wa jeshi la majini, anayebeba mikoba ya dawa. Mtu wa pichani amevaa mkanda wenye vifuko vya risasi za bunduki, na kiunoni ana koleo la kukatia waya. Hata kilichovaliwa chini ya kofia ya chuma hakilingani. Tabibu angebadilisha nguo, mkanda na vifaa vyote katika muda mfupi, kisha avirudishe vilevile, kwa sababu gani?

Mtu huyo alikuwa Franklin Sousley, mmojawapo wa wale sita, ila aliwekwa nafasi isiyo yake. Basi katika nafasi iliyodhaniwa ya Sousley alikuwa nani? Jibu lilining'inia kwenye kofia. Askari wa pale ana ukanda wa kofia uliokatika, unaoning'inia upande wa kushoto, na mkanda wa bunduki yake umefungwa kwa namna isiyo ya kawaida. Katika picha nyingine za kileleni yupo askari mmoja tu mwenye vitu hivyo viwili kwa pamoja: Harold Schultz wa Detroit. Jeshi la Marine liliunda tume, na tarehe 23 Juni 2016 likakubali. James Bradley mwenyewe alikuwa amekwisha kusema, wiki kadhaa kabla, kwamba haamini tena kuwa baba yake yumo. Kwa mtu aliyeandika kitabu kizima juu ya jambo hilo, kauli ile ilihitaji ujasiri.

Schultz alijeruhiwa kisiwani, akarudi, akafanya kazi ya posta Los Angeles maisha yake yote, akafa mwaka 1995. Mara moja tu, mezani wakati wa chakula miaka ya mwanzo ya 1990, alimtajia binti wa mkewe kwamba alikuwa mmoja wa waliosimamisha bendera. Binti akamwambia basi wewe ni shujaa. Akakataa neno hilo, akasema alikuwa askari wa Marine, na mazungumzo yakaenda kwingine.

Je, Bradley alidanganya? Ni rahisi kusema hivyo, na si haki. Bradley alikuwapo Suribachi, alishiriki bendera ya kwanza, na kwa ushujaa wake wa kuokoa majeruhi alipewa nishani ya pili kwa ukubwa katika jeshi la majini. Aliitwa kutoka hospitali akaoneshwa picha ambayo wakubwa walikwisha kusema yumo. Askari aliyeinua bendera asubuhi, akaona nyingine ikiinuliwa baadaye, kisha akapitia majuma ya damu na jeraha, anaweza kweli kuchanganya tukio na tukio. Inawezekana pia alijua, akanyamaza kama Hayes alivyoambiwa anyamaze. Ile simu iliyojibiwa kwamba baba yuko Canada inaweza kusomwa kwa namna zote mbili.

Tarehe 17 Oktoba 2019 likaanguka jina la tatu, na safari hii lilikuwa la yule aliyewataja wengine. Watafiti walipata picha na filamu za wapigapicha wengine ambazo hazikuwahi kuonwa na watu wengi, maabara ya picha ya FBI ikasaidia, na Jeshi la Marine likatamka kwamba mtu aliyeitwa Gagnon ni Koplo Harold Keller wa Iowa. Gagnon aliileta bendera juu, na ndiye aliyeirudisha ile ya kwanza kwa kamanda ikahifadhiwa. Jeshi lilisisitiza kwamba heshima hiyo ni yake. Ila bomba hakulishika. Keller hakuwahi kuwaambia wanawe. Yeye na Gagnon walikufa mwaka mmoja, 1979, mmoja akijulikana nchi nzima na mwingine akijulikana mjini kwao tu.

Siku sitini na nane baada ya picha ya Suribachi kupigwa, jeshi jingine liliuteka mji mkuu wa adui katika vita hivyohivyo. Huko Berlin majina hayakukosewa kwa haraka. Yalichaguliwa.

Askari wa Kisovyeti walifika juu ya jengo la Bunge la Ujerumani usiku wa tarehe 30 Aprili 1945, gizani, bila mpigapicha. Yevgeny Khaldei alipanda siku mbili baadaye, tarehe 2 Mei, akiwa na bendera aliyokuja nayo kutoka Moscow, iliyoshonwa kwa vitambaa vyekundu vya meza. Aliwaomba askari aliowakuta wampandishie, akapiga picha 36. Jarida la Ogonyok lilichapisha mojawapo katikati ya Mei, baada ya saa ya pili kukwanguliwa kutoka mkononi mwa askari mmoja, kwa sababu saa mbili zilidokeza uporaji. Moshi nao uliongezwa.

Serikali ya Moscow ikawatunuku Mikhail Yegorov, Mrusi, na Meliton Kantaria, Mgeorgia kama Stalin, kuwa ndio waliopandisha bendera ya ushindi. Hao walipanda kweli kwenye jengo lile, pamoja na wenzao. Lakini umma uliwajua kwa picha, na katika picha ya Khaldei hawamo. Aliyeshika bendera ni Aleksei Kovalyov wa Kiev; waliokuwa naye ni Abdulkhakim Ismailov wa Dagestan na Leonid Gorychev wa Minsk. Kwa miongo mingi Kovalyov hakuruhusiwa kusema hadharani. Ismailov alipewa nishani ya Shujaa wa Urusi mwaka 1996, wakati Umoja wa Kisovyeti umekwisha kuvunjika na Khaldei mwenyewe bado yu hai kuthibitisha.

Kuna picha zenye tatizo la kinyume, ambako wenye kudai ni wengi kuliko nafasi. Tarehe 14 Agosti 1945, siku Japani iliposalimu amri, Alfred Eisenstaedt alimpiga picha baharia akimbusu mwanamke mwenye gauni jeupe katika uwanja wa Times Square, New York. Hakuchukua majina. Mwaka 1980 jarida la Life lilipowaita wahusika wajitokeze, walijitokeza wanaume 11 na wanawake watatu. Wanaotajwa zaidi ni George Mendonsa, mvuvi wa Rhode Island, na Greta Zimmer Friedman, msaidizi wa daktari wa meno aliyezaliwa Austria. Mendonsa alikuwa na hoja nzito: kovu na chale zinazolingana na mkono wa baharia, na uso wa msichana aliyekuwa naye siku ile, ambaye baadaye alikuwa mke wake, ukionekana nyuma ya bega lake. Friedman, kwa upande wake, alieleza bila kuficha kwamba busu lile halikuwa hiari yake. Mtu asiyemjua alimkamata. Kauli yake ilibadilisha namna watu wengi wanavyoitazama picha iliyouzwa kwa miaka kama picha ya mapenzi.

Halafu jua likatoa ushahidi wake. Mwaka 2015 wanafizikia wa Texas, wakiongozwa na Donald Olson, walipima kivuli kilichoangukia jengo moja nyuma ya wawili hao, wakakokotoa kwamba picha ilipigwa saa 11 na dakika 51 jioni. Mendonsa na Friedman walisema walikutana mapema mchana. Wanaowaunga mkono hawajakubali, na mzozo huo umewapita wahusika wenyewe: Friedman alikufa mwaka 2016, Mendonsa mwaka 2019.

Kivuli kilichotikisa madai ya New York kina ndugu yake huko Hispania, nao ni mlima. Mwanamgambo anayeanguka kwa risasi, aliyepigwa picha na Robert Capa Septemba 1936 katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo, alipewa jina katika miaka ya 1990: Federico Borrell García, mfanyakazi wa kiwanda kutoka Alcoy, aliyeuawa Cerro Muriano tarehe 5 Septemba. Ilionekana imetosha. Mwaka 2009 profesa José Manuel Susperregui alilinganisha vilima vinavyoonekana nyuma ya askari na mandhari halisi, akakuta vinafanana na eneo la Espejo, kiasi cha kilomita 50 kutoka Cerro Muriano. Tena mwenzake Borrell aliandika mwaka 1937 kwamba alifia nyuma ya mti, na katika picha hakuna hata kichaka. Jina lililoshikamana na mahali likabomoka pamoja na mahali. Borrell alikufa kweli vitani siku ile, na hilo halina shaka. Huyu anayeanguka pichani ni mtu mwingine, kama kweli anaanguka kwa risasi.

Kesi inayouma kuliko zote ni ya Warsaw. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1943, Jenerali Jürgen Stroop wa SS, kikosi cha Wanazi, aliteketeza mtaa waliofungiwa Wayahudi wa mji huo, na akaandaa taarifa yenye picha kumpelekea Himmler, mkuu wa SS, kwa fahari. Moja inaonesha mtoto wa kiume mwenye kofia na koti, suruali fupi, mikono juu, huku askari nyuma yake ameelekeza bunduki. Taarifa hiyo ilitumiwa kama ushahidi katika kesi za Nuremberg.

Watu na familia wamemtambua mtoto huyo kwa majina manne tofauti. Wengine walisema ni Artur Siemiątek. Baba mmoja aliyepoteza familia yake yote alimwona mwanawe, Levi Zeilinwarger. Tsvi Nussbaum, aliyenusurika akawa daktari New York, alikumbuka kuamriwa ainue mikono mbele ya bunduki. Lakini yeye alikamatwa Julai 1943, nje ya mtaa ule, wakati picha za Stroop zilikwisha kukusanywa Mei. Nussbaum mwenyewe alilieleza hilo kwa uangalifu, hakulazimisha. Kumbukumbu yake ni ya kweli hata kama picha si yake, kwa sababu watoto walioinua mikono mbele ya bunduki hawakuwa mmoja wala mia.

Aliyeshika bunduki, yeye, anajulikana bila ubishi. Ni Josef Blösche, mlinzi wa SS. Baada ya vita ajali ya kazini ilimharibu uso, akaishi kimya katika kijiji cha Ujerumani Mashariki, akaoa na kulea watoto. Alikamatwa mwaka 1967, akaoneshwa picha, akakiri kwamba ni yeye, akahukumiwa na kuuawa mwaka 1969. Stroop alikwisha kunyongwa Warsaw mwaka 1952. Nyaraka za SS ziliandika majina ya walinzi, vyeo vyao na vikosi vyao. Wale waliotolewa majumbani mwao hazikuwaandika kwa majina, ziliwahesabu tu, na hadi leo hakuna hata moja kati ya majina manne ya mtoto lililothibitishwa.